UZI: Kutoka na watoto wadogo kwa boti hapa Amu (Lamu), bei nafuu na kurudi salama

Mwana_Amu

Asalaam aleikum jamani. Shule zinafunga na meseji zishaanza kuingia, dada tunakuja Lamu na watoto tuwapeleke wapi, boti pesa ngapi, kuna papa? Nimeona niandike hapa mara moja wote wasome, manake ushauri mwingi ninaouona mtandaoni ni wa watu wazima wanaokuja kupiga picha za machweo, hakuna anayemfikiria mama mwenye mtoto mchanga begani na mwengine wa miaka minne anayekimbilia kila anapoona maji.

Langu ni moja tu na nitalirudia: huku kwetu siku ya mtoto inapangwa na maji. Sio saa ya mkononi, sio bei ya boti. Ukishajua maji yanajaa saa ngapi siku hio, ushajua uende wapi, utoke lini, urudi kabla ya nini, na pesa nyingi utakazookoa utaziokolea hapo hapo. Watu wanakodi boti saa 3 asubuhi siku ambayo maji yako nje kabisa, boti inakwama kwenye mchanga, watoto wanakaa juani masaa wakingoja maji yarudi, chakula kimeisha, na nahodha anadai pesa za kusubiri. Hio siku ilikua imeshaharibika kabla hawajapanda.

Kwa mnaotoka bara: bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana. Siku za bamvua hapa kwetu hujaa alfajiri na tena jioni kuanzia saa 10, na kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi ndo makavu. Mwezi ukiwa nusu, tuseme mwezi 7, 8 au mwezi 22, 23 (tarehe za mwezi wa Kiislamu, sio Julai na Agosti), ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na kujaa kwake kunaangukia hio hio saa 4 saa 5 asubuhi. Kwa hivo ata bila simu, ukitazama kalenda ya Kiislamu ukutani ushajua kwa kukisia. Halafu ndo unamuuliza mvuvi yeyote pale gatini, atakwambia kwa dakika.

Sasa wapi.

Wenye watoto chini ya miaka mitano, mimi nawaambia nendeni upande wa Manda, kisiwa cha jirani, ule ufuo unaotazamana na kijiji cha Shela. Maji yake yametulia, mchanga unashuka pole pole, mtoto anaketi kwenye maji ya magoti anachezea ndoo na wewe umeketi karibu yake. Bichi ya Shela ni nzuri, kilomita 12 za mchanga mtupu, lakini sio ya watoto wachanga. Ukishapita kijiji ukaanza kuizunguka ile kona ni bahari kuu, mawimbi, na pale mlangoni kati ya Shela na Manda maji yakianza kutoka yanavuta kwa nguvu. Msitegemee kwamba kuna mwokoaji aliyekaa kule kutazama watu. Mkitaka Shela kaeni karibu na kijiji, na msitembee mbali mkaachana na watu.

Kufika Shela hakuhitaji kukodi boti peke yenu. Kuna boti za abiria zinazotoka mjini, mnapanda na watu wengine kila mtu na nauli yake. Kwa miguu ni kama dakika 40 mwendo wa mtu mzima, na mtoto ongeza nusu yake, tena ile njia ya ufuoni maji yakijaa hupotea sehemu nyengine, kwa hivo hapo pia tunarudi pale pale, maji.

Takwa. Hii ndo safari ninayoipenda kwa watoto wa miaka sita kwenda juu. Ni mji wa kale ndani ya Manda, uliachwa karne ya 17, msikiti wake bado umesimama na nguzo juu ya kibla, kuna kaburi la nguzo, kuna mibuyu mikubwa ya kivuli. Watu wake walihamia Shela na wazee wa Shela mpaka leo huenda kule kuomba mvua. Mtoto ukimwambia hawa ndo mababu wa yule mzee anayekuuzia kashata anaisikiliza historia vyengine kabisa. Lakini njia ni mkondo wa mikoko na haupitiki ila maji yamejaa. Mnaingia yakiwa yanajaa, mnatoka kabla hayajaanza kushuka sana, yaani mna saa moja na nusu hivi mbili. Na Takwa hakuna maji ya kunywa wala duka, bebeni yenu.

Na siku ambayo maji hayajakubali, msilazimishe boti. Kaeni mjini. Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, mtoto apande ngazi achungulie kule juu (mshike mkono, kuta fupi), Makumbusho pale ufuoni, halafu hospitali ya punda ambayo iko tangu 1987, watoto wa Nairobi wakiona punda anafungwa bendeji hawataki kuondoka. Pesa ndogo na kivuli tele. Makumbusho siku hizi kulipa ni kwa simu kwa hivo wekeni salio kabla.

Bei nitaizungumza kwa njia ya kupatana, manake namba zinabadilika na mafuta. Boti hukodiwa nzima, sio kwa kichwa. Familia mbili au tatu zikiungana bei inagawanyika, muhimu msizidi idadi ya boti. Mkipatana ulizeni yote kabla mguu haujaingia: mafuta yamo? Kusubiri kumo? Kurudi kumo? Chakula kimo? Ile samaki wa kuchoma na wali wa nazi ndani ya boti ndo inapandisha bei sana, na mtoto mdogo hali, anataka biskuti. Chukueni mahamri, viazi karai, mayai ya kuchemsha, ndizi, machungwa. Wali wa nazi wa kubeba acheni, kwa joto letu unachacha kabla ya adhuhuri. Nusu ya pesa mpe mukiondoka, nusu mukirudi gatini.

Karibuni maswali.

MamaMapacha_Nrb

Aki asante sana dada, hii nimesave. Mimi nina mapacha wa miaka mitatu na tunakuja kwa basi mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara. Kuhusu laifu jaketi, nimeambiwa boti zote zinazo ni lazima kisheria. Nibebe zangu ama nitakua najibebesha mzigo bure?

Mwana_Amu

Beba mamangu, beba. Kisheria ni kweli zinatakiwa na Kenya Maritime Authority ndo wanaokagua boti ndogo, lakini nyingi utakazozikuta ni za watu wazima. Mtoto wa miaka mitatu ukimvika ya mtu mzima, akianguka majini jaketi linapanda juu na yeye anateleza chini anatoka. Hapo ni kama hakuvaa kitu.

Soma ile lebo ndani ya jaketi, imeandikwa kilo, tazama kilo usitazame umri. Mvike, funga vyote, halafu mshike mabegani kwenye jaketi umuinue. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa. La mtoto mdogo liwe na ule mkanda unaopita katikati ya miguu na kola nyuma ya kichwa ya kumgeuza uso juu. Yale maboya ya mkononi ya kujaza upepo na vile vibata vya plastiki ni vya kuchezea tu, visikutie moyo. Mvalishe nyumbani azoee, watoto wengine wanalilia jaketi na ukilazimisha ndani ya boti ndo vurugu.

Pale Mokowe mkishuka kwenye basi mumechoka kutakua na watu wengi wanavuta mabegi. Tulieni. Boti ya abiria inachukua kama nusu saa kuvuka, ya spidi ni haraka na bei juu. Ukiona imejaa mpaka maji yako karibu na ukingo usipande, ngoja nyengine. Hakuna haraka inayozidi hao mapacha.

Nahodha_Mstaafu

Mwana Amu umesema vyema mwanangu. Naongezea mawili matatu.

Hapo kwa Takwa, usimpeleke mtu siku ya maji mafu yenyewe ati kwa sababu yanajaa saa 4 asubuhi. Yanajaa lakini hayapandi, ule mkondo mashua yenye watu inagusa chini. Siku nzuri ni kuanzia mwezi 10 mpaka 12, au mwezi 25 na 26, maji yana nguvu kidogo na kujaa kwake kuko adhuhuri au baada yake kidogo. Muulize nahodha, lakini muulize swali zuri, usimuulize tunaweza kwenda? Muulize tutatoka Takwa saa ngapi tusikwame? Anayejua atakupa saa. Anayebabaika tafuta mwengine.

La pili ni upepo. Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, ndo wakati wa watoto. Kusi kuanzia Aprili bahari ya nje imechafuka, na mwezi wa Juni Julai upepo mkali. Haina maana hamtoki, ule mkondo kati ya Amu na Manda umekingwa, na upande wa vijiji vya Kipungani na Matondoni pia mikoko inakinga. Ila kisiwa cha Manda Toto kwenda kutazama samaki na mtoto mdogo wakati wa kusi, hapana. Matondoni nendeni, wanajenga majahazi pale chini ya makuti, mtoto aone mbao inavyopindwa.

La tatu, mashua ya tanga ni raha na haili mafuta, lakini mukiwa na watoto chukueni iliyo na injini pia. Upepo ukikata saa 9 muko katikati ya mkondo na mtoto analia, ndo utajua ile injini ni ya nini. Mtoto aketi katikati ya boti na chini, sio ukingoni, na boti ikigeuza tanga kila mtu ainamishe kichwa, ule mti wa foromali unaoshika tanga hauulizi. Mmoja wa wazazi kazi yake iwe kutazama watoto tu. Simu aifunge.

Simba_wa_Mkomani

Na heshima zote lakini naona mnawatisha watu. Sisi tumekulia gatini, tukijirusha majini tangu miaka minne mitano, hakuna jaketi hakuna nini, na tuko hapa. Mtoto wa pwani anafunzwa na bahari. Haya mambo ya kupima kilo ni ya wazungu.

Mwana_Amu

Kaka yangu, hata mimi nimekulia gatini na najua unachokisema. Lakini tulikua tukijirusha gati nzima inatutazama, kuna wavuvi, kuna wapakiaji, kuna kina ami wameketi kwenye baraza, na mkubwa wetu wa miaka kumi na mbili anajua kuogelea kuliko samaki. Mtoto anayetoka Machakos hana hayo. Hajui maji yakivuta afanye nini, na mamake pia hajui kuogelea.

Na tusemeane ukweli, kwenye mtaa wetu kuna nyumba zilizozika watoto. Sitaki kuwataja na sitaki kuendelea hapo. Mtoto anazama kimya, hapigi kelele, hapungi mkono, sekunde chache tu. Ndo maana nasema mtoto wa chini ya miaka mitano ndani ya maji awe mahali ambapo ukinyoosha mkono unamgusa. Sio kumuona, kumgusa.

Kaskazi_Malindi

Hapa Malindi mambo ni kinyume chenu na watu wanachanganya. Kule kwenu Takwa mnataka maji yamejaa. Sisi kwenye marine park, ile ya 1968, boti za kioo zinakwenda maji yakiwa yametoka ndo unaona matumbawe na samaki vizuri. Kwa hivo siku za bamvua, asubuhi saa 4, ndo saa yetu nzuri. Anayekuja pwani wiki nzima anaweza kutumia mwezi huo huo mara mbili, bamvua awe Malindi, zikisogea siku awe Amu.

Msije Malindi baada ya mvua kubwa za bara mkategemea maji ya bluu, mto Sabaki unashusha tope na bahari ya mjini inakua rangi ya chai. Siku hizo pelekeni watoto Gede. Kama kilomita 15 tu, mnapanda matatu ya barabara ya Mombasa mnashuka Gede mnatembea au tuktuk. Mji wa kale ndani ya msitu, kivuli kila pahali, njia tambarare, na tangu 2024 imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Pale pale kuna Kipepeo, wanafuga vipepeo, mtoto wa miaka mitatu anaona kitu cha kiwango chake. Chakula kifungieni ndani ya begi, kima wa Gede wanapokonya ndizi mkononi mwa mtoto na wanaweza kukwaruza.

Baba_Wawili

Naomba kuuliza wa Malindi. Mimi na mke wangu tunafanya kazi ng'ambo, tunakuja na meli ya kitalii itatia nanga Mombasa asubuhi na kuondoka jioni siku hio hio. Watoto ni miaka 2 na 5, wazazi wangu wako Malindi. Naweza kuwapeleka watoto wakamuona bibi yao tukarudi?

Kaskazi_Malindi

Kaka nitakwambia kama ningemwambia ndugu yangu, usifanye hivo. Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120, masaa mawili na zaidi kila upande, na Mtwapa na Kilifi foleni ikikaa ongeza. Kutoka ndani ya bandari ya Kilindini tu na watoto na ukaguzi ni muda. Ukienda na ziara iliyopangwa na meli yenyewe, mkichelewa kwa kawaida wanawangoja. Ukienda kivyako meli haingoji, mtabaki gatini mkitafuta ndege ya kuifuata bandari inayofuata, na hizo ndo pesa zenyewe ulizotaka kuokoa.

Fanya kinyume. Walete wazee Mombasa jana yake, walale kwa jamaa, wawangoje Fort Jesus. Iko ndani ya kisiwa, sio mbali na bandari, ilianza kujengwa 1593, ina nyasi na kivuli, babu na bibi wanaketi na wajukuu wanazunguka. Mkale Mji wa Kale hapo hapo. Mkiwa na muda na barabara iko wazi, Haller Park ya Bamburi watoto walishe twiga, lakini hio ni kuvuka daraja la Nyali, kwa hivo mkichagua Haller acheni mengine. Sehemu moja na wazee inatosha. Saa uliyopewa ya kurudi melini, nyinyi muwe getini saa moja na nusu kabla, na tazama ni saa ya meli au saa ya Kenya, meli nyengine hazibadilishi saa zake zikifika bandarini.

Baba_Wawili

Asante sana, sikuwa nimefikiria kuwaleta wao. Nimeshampigia mamangu, amefurahi mno.

Nesi_wa_Pwani

Niongeze ya afya kidogo, nafanya kazi zahanati na likizo ndo tunawaona hawa watoto.

Jua kwanza. Kuanzia saa 4 mpaka saa 10 mtoto asiwe wazi. Shati la mikono mirefu na kofia ni bei rahisi kuliko krimu na inafanya kazi zaidi, leso ya mama ikifungwa juu ya boti pia kivuli. Mtoto akinyonya mnyonyeshe mara nyingi. Beba pakiti za ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), chemisti yoyote inazo. Mtoto akiwa mkavu midomo, hajakojoa masaa mengi, amelegea, hio sio uchovu wa safari, rudini.

Kwenye maji ya kina kifupi kuna taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, anajificha ndani ya mchanga. Mfunze mtoto kutembea kwa kuburuta miguu, taa akisikia anaondoka. Akichomwa, tia mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyastahimili (jaribu kwa mkono wako kwanza usimuunguze), yanapunguza maumivu, na mlete hospitali manake mwiba unaweza kubaki. Yavuyavu, yule kiumbe laini kama jeli anayewasha, akimgusa, suuza kwa maji ya bahari, sio maji baridi ya kunywa, na usisugue na mchanga. Viatu vya mpira vya kufunga ni lazima, kuna miba ile myeusi kwenye mawe.

Kutapika kwa boti: usimpe chai ya maziwa nzito kabla, aketi katikati atazame mbali, asitazame simu. Dawa za kutapika usimpe mtoto mdogo bila kuuliza.

Mwana_Amu

Nesi Mungu akulipe. Na pampasi jamani, zirudini nazo mjini. Maji tunayokunywa Amu yanatoka chini ya yale matuta ya mchanga ya Shela, ule mchanga ndo unaoyachuja. Ukifukia pampasi pale unaifukia kwenye kisima chetu. Mifuko ya plastiki imekatazwa tangu 2017 kwa hivo bebeni mfuko wa kitambaa wa takataka.

MamaMapacha_Nrb

Dada swali la mwisho. Tunafika Jumatano jioni na tunaondoka Jumamosi. Nimetazama kalenda, hio Alhamisi itakua mwezi 11. Na mavazi je?

Mwana_Amu

Mwezi 11 mumepata bahati, maji yatajaa baada ya adhuhuri. Alhamisi asubuhi mapema, jua halijapanda, tembeeni mjini, ngome na punda, mapacha walale mchana, saa 7 na nusu mpande boti muende Manda, shati la mikono mirefu, kofia na kivuli kama alivyosema Nesi, saa 10 na nusu muwe mumerudi. Takwa muache mpaka wakue. Ijumaa msipange boti mchana, kuanzia saa 6 manahodha wanajitayarisha kwa sala na mtangoja gatini bure, pumzikeni hotelini, jioni mukanunue mabuyu na achari pale mbele ya ngome.

Watoto wavae watakavyo. Wewe kwenye maji vaa unachotaka ufuoni kule Manda, ukirudi mjini leso juu ya mabega na kitu kinachofunika magoti, hakuna atakayekusumbua. Nitumie inbox saa ya basi lenu nikuulizie boti yenye jaketi za watoto kwa jirani yangu, na kilo za mapacha uniandikie.